Usaili wa Watunga Programu

Juu ya uwanda wa Ufipa yangali yamesimama malungu, matanuri marefu ya udongo yaliyoyeyushia mawe ya chuma zamani. Hayakuhitaji mivukuto, upepo ulijivuta wenyewe kupitia matundu ya chini. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, ndipo kikafuliwa jembe. Fundi wa malungu alihukumiwa na chuma chake. Kikitoka kibovu, maneno mazuri hayakumfaa. Kikitoka chema, ububu haukumdhuru.

Kutunga programu za kompyuta nako ni ufundi. Kwa sababu gani, basi, fundi wake huhukumiwa kwa ulimi na kumbukumbu, na kazi ya mikono yake isitazamwe?

Namjua kijana mmoja wa Sumbawanga aliyetunga programu ya kuhesabu magunia ya mahindi ghalani na madeni ya wakulima. Ilipokosea aliitengeneza, na wenye ghala waliacha daftari. Aliitwa kwenye usaili Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, kwa nauli ya kukopa. Alisimamishwa mbele ya wasaili watatu, akapewa kalamu na ubao, akaamriwa kufumbua fumbo la kupanga namba ambalo hajapata kulihitaji kazini. Mkono ulitetemeka. Hapana aliyemwuliza habari za ghala. Alirudi na deni lake.

Watasema kwamba huyo ni mmoja, naye alikuwa mwoga. Hebu tutazame ushahidi. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha North Carolina State na kampuni ya Microsoft walitangaza jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 48 wa kompyuta. Baadhi walifumbua fumbo ubaoni huku wakitazamwa na kusema mawazo yao kwa sauti. Wengine walilifumbua faraghani. Kutazamwa tu kulipunguza ufanisi kwa zaidi ya nusu. Wanawake walikuwa wachache, lakini waliotazamwa hawakufaulu hata mmoja, na waliokuwa faraghani walifaulu wote. Ubao huo, basi, ulipima nini? Ulipima moyo wa kustahimili macho ya wageni. Na mtunga programu hafanyi kazi yake jukwaani.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: waombaji ni wengi na nafasi ni haba. Ni kweli. Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walikusanyika katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kugombea nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mchujo hauepukiki. Lakini ungo unaopeperusha nafaka na kubakiza makapi hausifiwi kwa sababu ya wepesi wake. Mwenye kukariri mafumbo miezi sita hupita. Mwenye kufanya kazi miezi hiyo sita huachwa.

Hoja ya tatu ni udanganyifu: mtu akipewa kazi akaifanye nyumbani, atasaidiwa na rafiki au na mashine, kwa maana siku hizi mashine nazo hutunga programu. Dawa yake si ngumu. Apewe kazi ndogo inayofanana na ile atakayoajiriwa kuifanya, na muda wa kutosha. Akiileta, aulizwe kwa nini alichagua njia hii akaiacha ile. Kisha aambiwe abadili sehemu moja, aachwe peke yake saa moja. Aliyeazima kazi ya mwingine hatajua pa kushika. Wa Sumbawanga na afanye hayo Sumbawanga, nauli yake ibaki mfukoni.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Waajiri wetu huvitaka vinavyoelea, lakini mwundaji humwuliza mafumbo. Na vyuo vyetu vikiona mlango wa ajira hufunguliwa kwa mafumbo, vitafundisha mafumbo; hapo tutakuwa na mabingwa wengi wa ubao, na maghala yetu yatarudia daftari.