Shule Zilizozaliwa Shimoni

Ndugu msomaji, endapo umewahi kupanda basi la Tegeta kwenda kuwatazama jamaa, bila shaka umeuona mlima wa Wazo, jinsi ulivyochongwa ubavuni kama mkate uliokwisha kuliwa nusu. Tangu mwaka 1966 kiwanda cha saruji kilichopo hapo kinakula mawe ya chokaa ya mlima ule, na huenda ukuta unaouegemea sasa hivi, uwe Mbagala, Tandika au Manzese, ulitoka huko. Jirani yake, Kunduchi Mtongani, akina mama wamekaa miaka mingi juani wakiponda kokoto kwa nyundo. Hata hivyo, mtu akitaja machimbo, sisi wa Dar es Salaam hufikiri Geita, Mwadui na Mererani tu, kana kwamba mji huu haukutoka ardhini.

Nimetanguliza hayo kwa kuwa si ajabu kusikia katika mitaa ya Temeke kwamba kijana wa fulani, baada ya kumaliza kidato cha nne na kukaa kibarazani miezi kadhaa, amefunga mizigo akaenda machimboni. Mwaka 2020 Ndugu Saniniu Laizer wa Simanjiro aliiuzia serikali mawe mawili makubwa ya tanzanaiti kwa zaidi ya shilingi bilioni 7, na habari hiyo ilipenya kila nyumba. Ile ya Oktoba 2015 haikukaa sana vichwani. Wachimbaji sita walifukiwa katika shimo la Nyangarata, wilayani Kahama, na watano walitolewa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mizizi, mende na vyura. Wala hatuwataji tena wale makumi waliozama Mererani mwaka 1998, maji ya mvua yalipoingia mashimoni.

Ukichimba shimo, unaondoa kitu kilichokuwa kimebeba uzito wa juu. Uzito huo hauendi popote. Huhamia kwenye kuta za shimo. Maji yakipenya katika nyufa, ukuta uliokuwa imara jana huachia leo bila kupiga hodi. Hewa nayo huchakaa kadiri mtu anavyoteremka. Haya si mambo ya bahati wala ya kafara, bali ni elimu yenye hesabu zake, na wenzetu wa Ulaya walilazimika kuijengea shule.

Wajerumani walifungua chuo chao cha migodi huko Freiberg mwaka 1765. Ufaransa ikafuata mwaka 1783, zama za Mfalme Louis wa 16, kwa kufungua shule ya migodi mjini Paris, na mwaka 1816 nyingine Saint-Étienne, penye makaa ya mawe. Lakini zinazonivutia mimi ni mbili ndogo, ya Alès iliyoanzishwa mwaka 1843 na ya Douai ya mwaka 1878. Hizo hazikuwekwa kwa ajili ya mabwana wakubwa wa serikali. Ziliwekwa kuwafundisha wanyapara wa migodini, yaani watu walioteremka shimoni pamoja na wafanyakazi, ambao neno lao ndilo lililoamua nani atoke na lini.

Tusidhani kwamba shule zilimaliza ajali. Machi 10, 1906, huko Courrières, si mbali na Douai, vumbi la makaa lilishika moto chini ya ardhi na wachimbaji 1,099 wakafa. Wengine 13 walitokea wakiwa hai baada ya siku 20. Msomaji atakumbuka Kahama.

Kutoka Saint-Étienne alihitimu mwaka 1860 kijana wa miaka 19, Henri Fayol, akaajiriwa katika mgodi wa Commentry, ambako alipambana na mioto ya chini kwa chini. Maafisa utumishi wetu wanalijua jina lake, kwani ndiye baadaye aliyeandika juu ya uongozi wa kazi, na maofisini bado anasomwa. Mgodi wa mwisho wa makaa nchini Ufaransa ulifungwa mwaka 2004, lakini shule zile zingalipo, zikitoa wahandisi wa viwanda, nishati na kompyuta.

Kwetu njia ilikuwa ndefu zaidi. Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1957, ndicho DIT ya leo, lakini katika miaka ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki Mtanzania aliyetaka shahada ya uhandisi alikwenda Nairobi. Mlimani walipata kitivo chao mwaka 1973, kwa msaada wa Wajerumani. Kwa madini hasa kuna Chuo cha Madini Dodoma, kinachofundisha jiolojia, uchimbaji na uchenjuaji.

Hilo la uchenjuaji linaihusu familia moja kwa moja. Mchimbaji mdogo hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma, mara nyingine katika jiko lile lile linalopikiwa ugali. Moshi wake hudhuru ubongo, na mtoto aliye tumboni haukwepi. Nashangaa kwamba tunawaonya watoto wasicheze na kiberiti, na zebaki tunaiacha juu ya kabati.

Baadhi ya wazazi bado huona ufundi ni kazi ya aliyeshindwa. Sikubaliani nao. Kanuni za mwaka 2018 zinayataka makampuni ya madini yawape Watanzania kipaumbele katika ajira na mafunzo, na nafasi hizo hazimsubiri mwenye sururu peke yake. Matokeo ya kidato cha nne hutoka aghalabu Januari. Mwenye alama nzuri za fizikia, kemia na hesabu anaweza kuomba nafasi Dodoma. Aliyepungukiwa na hizo asipuuze VETA ya Chang'ombe, kwani mgodini nako kuna mitambo ya kutengeneza, vyuma vya kuunga na nyaya za umeme za kufunga.

Na kwa wanaouliza kama binti anafaa kazi ya mawe, nawaomba siku moja washuke basi Mtongani, watazame nani ameshika nyundo.