WALEMAVU WA LONDON: HAWAKUPEWA, WALIDAI!



Nimekuwa nikiulizwa swali hili na watu wa nyumbani: eti ni kweli Uingereza walemavu wanatunzwa bure na serikali, kwa sababu nchi ni tajiri na Wazungu wana huruma? Jibu ni refu kidogo, basi nimeona niliandike hapa tuelewane.

Tuanze na yale yanayoonekana. Mlemavu mkazi wa London aliyetimiza masharti anapewa na manispaa yake kadi iitwayo Freedom Pass, anapanda nayo mabasi na treni za jiji bila kulipa. Mpango huo ulianza mwaka 1973. Basi likifika kituoni, dereva anabonyeza kitufe, bamba linatoka mlangoni mpaka ukingo wa barabara, na mwenye kiti cha magurudumu anaingia bila kubebwa na mtu. Asiyeona anasikia sauti ikitaja kituo kinachofuata, asiyesikia anasoma maandishi. Kuna pia mabasi madogo ya Dial-a-Ride, yanamfuata mtu mpaka mlangoni kwake, bure.

Ila kinachonifurahisha kuliko vyote ni kitu kidogo mno. Kwenye taa nyingi za kuvukia barabara, chini ya kile kisanduku cha kitufe kuna kipini. Taa ya waenda kwa miguu ikiwa kijani, kipini kinazunguka. Asiyeona wala kusikia anakishika, kikizunguka anavuka. Watu wanaishi hapa miaka bila kujua kama kipo!

Sasa je, haya yote yaliletwa na huruma? Hapana jamani. Mwaka 1990 na 1992 walemavu waliandamana nje ya studio za televisheni hapa London, wakipinga kipindi cha Telethon kilichochangisha fedha kwa kuwaonyesha kama watu wa kusikitikiwa. Baada ya 1992 hakikurudi tena. Viongozi wao, kina Barbara Lisicki na Alan Holdsworth, wakaendelea na wenzao: wakajifunga kwa pingu na minyororo kwenye mabasi wasiyoweza kupanda, barabara zikasimama. Mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria ya kuzuia ubaguzi dhidi ya walemavu. Kufikia mwisho wa 2005, mabasi ya London, ukiacha machache ya ukumbusho, yote yalikuwa ya sakafu ya chini. Mnaona mtiririko wake? Kelele kwanza, sheria baadaye, basi mwisho.

Na msidhani hapa ni peponi. Treni za chini ya ardhi zilianza 1863 bila mtu kumfikiria mlemavu, na mpaka leo ni karibu theluthi moja tu ya vituo unavyoweza kuingia bila kupanda ngazi. Lifti nazo zinaharibika. Posho ya ulemavu, inayoitwa PIP, ina fomu ndefu ya kuchosha, wengi wananyimwa mpaka wakate rufaa. Mwaka 2025 serikali ilitaka kukaza masharti yake, walemavu wakapiga kelele, wabunge wa chama tawala chenyewe wakagoma, ikabidi irudi nyuma. Na kwa wale wanaopanga safari: wageni wengi wenye viza hawaruhusiwi kabisa kuchukua posho hizo. Mtu asije akakudanganya.

Hoja yangu ni hii. Huruma ikiisha, msaada unaisha. Haki haiishi kwa sababu mtu ameamka na hasira. Sisi kwetu bado tunamsaidia mlemavu kama tunavyotoa sadaka Ijumaa au Jumapili: leo ipo, kesho haipo. Konda akijisikia anambeba kumwingiza kwenye daladala, asipojisikia anamwambia dereva "twende!"

Msiniambie tatizo ni umaskini peke yake. Tanzania tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Vyama vyao vipo, vina shirikisho lao la SHIVYAWATA. Na mwendokasi ilipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, vituo vyake vilijengwa sakafu ikilingana na sakafu ya basi. Kumbe tukiamua tunaweza! Mteremko wa saruji mlangoni mwa zahanati haugharimu kama ukuta wa uzio ambao hatukosi kamwe fedha ya kuujenga.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, mwenye mtoto mlemavu asimfiche ndani. Asiyeonekana hahesabiwi, asiyehesabiwa hapangiwi bajeti. Pili, mkinitumia kadi ya mchango wa kujenga darasa, msikiti au kanisa, nitachanga, ila nitauliza mteremko uko wapi. Tatu, walemavu wenyewe wakiandamana, tusiwaambie "shukuruni mlichopewa." Twendeni nao.

Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya Ulaya. Lakini ajali za bodaboda na kisukari haviulizi mtu anaishi wapi, na uzee unatusubiri sote. Ngazi unayoipanda leo mbiombio, kesho utaiangalia kutoka chini.

Wasalimieni wote, hasa wazee. Mungu akipenda tutaongea tena.