Soko la Tovuti na Mteja Asiyeonekana

Mkonga wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, wengi tuliamini kwamba utengenezaji wa tovuti ungewapa ajira vijana wetu wa vyuo vikuu. Kwa sehemu imekuwa hivyo. Mifumo huria kama WordPress, iliyoanza mwaka 2003, imemwezesha kijana mwenye kompyuta moja na kifurushi cha intaneti kuingia sokoni bila mtaji mkubwa. Mlango ukiwa mpana kiasi hicho, waingiao huwa wengi, na silaha ya kwanza wanayoikimbilia ni kushusha bei.

Ushindani wa bei peke yake una gharama ambayo mteja huiona baadaye. Anayelipwa kiduchu hawezi kusasisha programu, kuhifadhi nakala za data wala kuziba mianya ya usalama. Wengine husajili jina la tovuti kwa majina yao wenyewe. Siku wakikosana, mteja hugundua kwamba alichokilipia si chake. Rahisi imekuwa ghali.

Lakini je, mteja mkubwa kuliko wote, yaani Serikali, yuko wapi katika soko hili? Tazama sehemu ya chini ya tovuti nyingi za umma: utasoma kwamba zimesanifiwa na kutengenezwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao. Sababu zake naziheshimu. Tovuti za umma zinahitaji viwango na usalama wa pamoja, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka jukumu la kuvisimamia. Hata hivyo, mwamuzi akicheza mpira, wachezaji hubaki watazamaji. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, vijana wakiwamo. Fungu hilo litamfikiaje mtengeneza tovuti ikiwa tovuti hazinunuliwi?

Napendekeza Mamlaka ibaki na viwango, ukaguzi na mifumo nyeti. Tovuti za halmashauri, shule na vituo vya afya zishindaniwe na kampuni changa. Zabuni zipimwe kwa ubora kabla ya bei, na kila mkataba utaje matengenezo pamoja na umiliki wa jina la tovuti.

Maofisa wa ununuzi mnaosoma hapa, kipengele hicho cha mwisho hakihitaji sheria mpya. Kinahitaji kalamu zenu.