Kabla Hujampigia Fundi

Leo naomba tuingie gereji kidogo. Dada, usifunue ukurasa haraka. Mkwanja unaoishia gereji ni wa nyumbani, kwa hiyo mada hii ni yako pia.

Chukulia mmenunua gari lenu la kwanza, Toyota Altezza iliyotumika Japani. Nusu ya hela katoa yeye, nusu umetoa wewe. Jumamosi moja mwenzako anaondoka asubuhi "kwenda kuosha gari", anarudi jioni boneti ina mdomo. Imekatwa, imepigwa puti na kupuliziwa rangi nyeusi, wakati gari lenyewe ni la rangi ya fedha. Yeye anatabasamu, wewe unauliza bei. Usiku huo chakula kinaliwa kimya kimya.

Tuanze na mdomo wenyewe. Kwenye Subaru Impreza WRX una kazi maalumu. Chini yake kuna kifaa ambacho mafundi wanakiita intakula, kinachopooza hewa iliyobanwa na tabo kabla haijaingia kwenye injini. Gari likikimbia, upepo unaingia kwa pale juu na kukipoza. Sasa Altezza, iliyotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, ilitoka kiwandani bila tabo. Pale mdomo ni pambo tu, kama hereni. Kuvaa hereni si dhambi, ila kaka, usimdanganye mwenzako kwamba gari litaongeza mbio.

Pambo nalo lina masharti yake. Chini ya bati la boneti kuna mbavu zinazoipa nguvu, na gari likigonga mbele, boneti imeundwa ijikunje badala ya kusukumwa nzima hadi kwenye kioo. Fundi bodi akizikata mbavu hizo ili apate tundu, amegusa usalama wenu. Tundu lisipowekewa njia ya kutolea maji, mvua ya masika inamwagikia injini na nyaya. Puti ikipigwa nene, joto na mtikisiko vitaipasua. Boneti ya faiba ni nyepesi, lakini isipofungwa sawasawa inaweza kufumuka barabarani na kukuziba macho. Tena mdomo ukiwa mrefu sana, dereva mfupi haoni mbele vizuri. Mara nyingi huyo mfupi ndiye ambaye hakuulizwa!

Hapo ndipo penye ugomvi. Dada hakununa kwa sababu ya rangi nyeusi. Kilichomuuma ni kuona hela ya wawili imeamuliwa na mmoja, tena kwa kuzugwa na habari za kuosha gari. Kesho atajiuliza, kama boneti imefichwa, kuna nini kingine?

Nawe dada, usimcheke. Ukimwita mtoto mbele ya washikaji zake hataacha, atajificha zaidi. Mwanaume anayependa mchuma wake anapenda kitu ambacho wewe huenda hukioni, kama yeye asivyoiona thamani ya hela unayoiacha saluni.

Basi mfanye hivi. Kodi ya nyumba, ada na akiba vikishatoka, kila mmoja abaki na fungu lake dogo la starehe. Boneti itoke kwenye fungu la anayeitaka, na bei isemwe kabla ya kazi kuanza.

Pili, msikate boneti iliyokuja na gari. Tafuteni nyingine iliyotumika ya gari kama hilo, fundi aichezee hiyo. Ya kiwandani ifungeni blanketi na kuihifadhi. Siku mkitaka kuuza gari, au mmoja wenu akishindwa kabisa kuizoea hiyo mpya, ile ya zamani inarudishwa kwa boliti chache.

Tatu, kama mna bima kubwa, iambieni kampuni kuhusu mabadiliko hayo. Mkikaa kimya, siku ya ajali mnaweza kuwapa sababu ya kukataa kulipa.

Mwisho, kazi ikiisha wote wawili mkae kwenye usukani, mliendeshe gari mchana na usiku. Asiyeona mbele vizuri aseme, na asikilizwe.

Tukutane mwezi ujao. Na wewe kaka mwenye namba ya fundi mkononi, anza kwa kumpigia mwenzako.