Umependa wawili? Amua, mwenzako si gurudumu la akiba

Mmoja ni mtulivu. Ana kazi ya kueleweka, hupokea simu, na anajua siku ambayo mama yako huenda kliniki. Mwingine ni moto wa kuotea mbali. Mfukoni hana kitu, leo yuko Nakuru kesho Mombasa, lakini akikutumia ujumbe wa "uko?" tu, moyo unaruka. Sasa umekwama katikati, hulali.

Kuvutiwa na watu wawili si dhambi. Moyo hauombi ruhusa. Kosa linaanza pale wewe unapojua kwamba wako wawili, nao hawajui.

Marafiki watakwambia ule ujana, uwaweke wote hadi mambo yajipe. Huo ni ushauri mbovu. Wewe ukiendelea kupima mizani, yule mtulivu anaweka pesa kwenye chama akidhani mnajenga maisha. Ameshamdokezea mjomba wake kwamba watakuja kwenu. Naye yule mwingine huenda amekataa kazi ya mbali ili asikukose. Kila mwezi unaochelewa, kuna mtu anayeugharamia, na si wewe. Na ikiwa unalala na wote, unacheza na afya zao bila wao kujua.

Hata sheria inalitambua hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema ahadi ya kuoana haimfungi mtu, lakini aliyepata hasara kwa sababu mwenzake amekataa kuitimiza anaweza kudai fidia. Ila ni wangapi watakaokwenda kortini? Wengi humeza machungu kimyakimya.

Basi utaamuaje? Usihesabu mazuri yao. Mazuri ya watu tofauti hivyo hayapimiki kwa ratili moja. Angalia udhaifu. Mtulivu atataka kukaa nyumbani hata Jumamosi unapotamani kutoka. Yule wa moto huenda asipatikane hata usiku unaougua. Jiulize: ni udhaifu upi ninaoweza kuishi nao miaka kumi bila kumchukia mwenyewe?

Na ukijipata unatamani huyu awe na uchangamfu wa yule, na yule awe na adabu ya huyu, jua unampenda mtu ambaye hayupo. Hapo, waachilie wote wawili wakapendwe kwingine.

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Tofauti yako na fisi ni kwamba ukipasuka msamba, kuna watu wengine wawili wanaoumia nawe.

Kwa hivyo dada, kaka, ukishaamua, mwambie unayemwacha ana kwa ana. Usimzimie simu, wala usimwache aone picha zenu mtandaoni. Atalia, atakasirika, pengine atakutukana. Lakini kesho yake atajua anaanzia wapi.