Nyumba Zisizo na Mtetezi

Ewe msomaji kijana, ukiulizwa utaje majengo ya nchi yetu yastahiliyo kutunzwa, bila shaka utataja Ngome ya Yesu iliyoko Mombasa, na magofu ya Gede, na labda misikiti ya Lamu. Utakuwa umejibu vyema. Lakini hutazitaja nyumba za Nairobi zilizojengwa baina ya miaka ya 1930 na 1970, wala hutajua majina ya waliozichora. Watu huziita masanduku. Leo inavunjwa moja, kesho nyingine, na mahali pake huinuka ghorofa la vioo, wala hakuna aliaye. Nami nasema kuwa huu ni ujinga, tena ujinga wenye gharama.

Litazame jua kwanza. Nairobi iko kusini mwa Ikweta kwa kiasi cha digrii moja tu. Jua la adhuhuri hupita karibu na utosi, nalo haliudhuru sana ukuta. Liumizalo ni lile la asubuhi na la alasiri, lijalo chini chini kutoka mashariki na magharibi. Wasanifu hodari wa zama zile walilijua jambo hili. Waliilaza nyumba ili pande zake ndefu zielekee kaskazini na kusini, wakafungua madirisha pande zote mbili upepo uingie huku utokee kule, wakatokeza upenu au vibao vya zege juu ya dirisha viwe kivuli. Nyumba ya namna hiyo haihitaji mashine ya kupoza hewa. Sasa ingia katika ghorofa la vioo lililoelekezwa magharibi, ukae humo saa kumi alasiri, kisha uniambie ni nani aliyeendelea na ni nani aliyerudi nyuma.

Mmoja wa wasanifu hao alikuwa Ernst May, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1886. Kati ya 1925 na 1930 alisimamia ujenzi wa maelfu ya nyumba za watu wa kawaida mjini Frankfurt. Alifika Afrika Mashariki mwaka 1934, asiweze kurudi kwao kwa sababu ya utawala wa Hitler. Akalima Tanganyika, kisha akachora nyumba Nairobi, yakiwamo majengo ya Delamere Flats. Mwingine ni Amyas Connell wa New Zealand, ambaye Bunge letu ni kazi yake. Mapaa yao bapa mimi siyatetei. Mvua ya masika haina adabu kwa paa bapa.

Najua utakalonijibu. Utasema kuwa nyingi za nyumba hizo zilikuwa katika mitaa ambayo Mwafrika hakuruhusiwa kukaa ila awe mtumishi, na chumba chake kilikuwa nyuma, kidogo, mbali na hiyo hewa safi niliyoisifu. Ni kweli, na asikufiche mtu. Lakini chumba hicho cha nyuma ni ushahidi, na tingatinga likiisha kupita hutakuwa na cha kumwonyesha mwanao. Tena mawe yale yalichongwa kwa patasi na mafundi wa Kiafrika. Je, kazi yao nayo tuitupe?

Wala elimu ile haikubaki mikononi mwa wageni. David Mutiso, aliyesanifu pamoja na Karl Henrik Nøstvik wa Norway lile Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta lililokamilika mwaka 1973, alikuwa na ofisi pamoja na Braz Menezes. Ofisi hiyo ndiyo iliyopanga mtaa wa Buruburu, nyumba zikiwa makundi makundi kuzunguka nyua, watoto wapate kucheza mbele ya macho ya wazazi. Nenda leo ukaone jinsi nyua zilivyozibwa kwa vibanda na vyumba vya nyongeza. Hapo hakuna mkoloni wa kulaumiwa.

Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi humpa Waziri uwezo wa kulitangaza jengo kuwa la kuhifadhiwa. Lakini atatangazaje nyumba ambayo hakuna aliyepata kuieleza? Basi chukua daftari na penseli Jumamosi hii. Simama mbele ya nyumba moja ya zamani mtaani kwenu, utazame madirisha yake yaelekea wapi, uichore, na umwulize mzee wa jirani ni nani aliyeijenga.