Safari Hupimwa kwa Mguu Mdogo

Kuna rai mbili juu ya safari ya miguu ya siku kadhaa pamoja na watoto wadogo, na zote mbili nimezisikia Kinango zikisemwa kwa sauti ya watu wasiotaka kujibiwa. Rai ya kwanza husema kwamba mtoto wa miaka 5 au 6 hana haja ya kuchosha miguu maadam magari yapo. Apakiwe alfajiri, ashushwe Diani, aoge baharini, arudishwe jioni amelala. Rai ya pili husema kwamba babu zetu walikwenda pwani kwa miguu bila viatu, kwa hiyo mtoto na atembee. Akilia, kilio kitamkomaza. Mimi nazipinga zote mbili. Lakini ya pili naipinga kwa nguvu zaidi, kwa sababu ya kwanza humnyima mtoto furaha tu, ilhali ya pili humtia hatarini huku ikijiita malezi.

Neno hili linakuhusu wewe mwanafunzi wa sekondari kuliko unavyodhani. Likizo ya Agosti ikifika, baba yuko kazini Mombasa, mama ana shamba na wageni. Atakayeambiwa, "Wachukue wadogo zako," ni wewe. Una nguvu, una miguu mirefu, na una kiburi cha umri wako. Mimi nacho nilikuwa nacho.

Nilipokuwa na miaka 17 niliwaongoza wadogo zangu wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 5, kwenda kwa shangazi yetu, mwendo wa siku mbili. Niliipanga safari ile kwa miguu yangu mwenyewe. Nilijua kwamba mimi naweza kufika kituo cha kwanza kabla ya adhuhuri, nikakata shauri kwamba wao watafika alasiri. Tena tuliondoka jua limekwisha panda, kwa kuwa nilichelewa kufunga mizigo. Ilipopata saa 6 mchana yule mdogo aliacha kunung'unika, nami nikafurahi, nikidhani amezoea. Hasha, hakuwa amezoea. Midomo ilikuwa imemkauka, kisigino kimefanya lengelenge likapasuka, na alinyamaza kwa kuwa hakuwa na nguvu za kusema. Mama mmoja aliyekuwa akitoka kuchota maji alitua mtungi wake njiani, akamnywesha kidogo kidogo, kisha akanitazama bila kutamka neno. Ningalipenda anitukane.

Hao wanaowataja babu zetu, je, wanajua babu zetu walivyosafiri? Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Mombasa kwenda bara ilipita katika nyika ya Waduruma na kuvuka Taru, mahali ambapo leo pamo katika kaunti hii hii ya Kwale. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huko mwaka 1883, aliandika habari za ngurunga, yaani mashimo ya mwambani yanayoshika maji ya mvua. Katika nyika ile msafara haukuweza kuuliza kwanza, "Leo tutatembea maili ngapi?" Ulilazimika kuuliza, "Ngurunga iliyo mbele ina maji?" Ikiwa wapagazi, wanaume waliozoea kazi, walipimiwa safari yao kwa maji, sembuse mtoto ambaye jana alikuwa akibebwa mgongoni?

Liko pingamizi jingine lililo zito zaidi, nami siwezi kulipita juu juu. Mtu wa Kinango aweza kusema, "Watoto wetu hutembea kila siku kwenda shule, na jioni huenda bwawani kuchota maji. Wewe wataka kuwatembeza tena kwa starehe?" Anayesema hivi ana haki ya kusikizwa. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mvua zilipungua misimu mitano mfululizo katika Pembe ya Afrika, na Kinango ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Katika mwaka wa namna hiyo safari isifanywe kabisa. Mgeni anayekunywa katika kijiji kikavu anakunywa jasho la mtu. Lakini katika mwaka wa mvua njema najibu hivi: mtoto aliyeijua njia kwa kutumwa tu hajapata kuijua. Amekwenda akiwa na mtungi kichwani na onyo masikioni. Mpe siku ambayo aweza kusimama kutazama siafu wakivuka, asiitwe mvivu.

Na yule wa garini amepata nini? Kwake Kinango na Diani ni majina mawili yaliyotenganishwa na usingizi. Hakuona jinsi migunga ya nyika inavyopungua, hewa inavyopoa kadiri mtu anavyokaribia vilima vya Shimba, na minazi inavyotokea upande wa pili.

Basi twende kwenye mipango, maana hapo ndipo ubishi wangu ulipo. Chagua Agosti, wakati wa kusi, mvua kubwa zimekwisha na joto halijawa kali. Januari na Februari jua la Kinango halina huruma. Mtoto wa miaka 6 mhesabie kilomita 6, au 8 akiwa hodari, kwa siku nzima, na mwendo wa kilomita 2 kwa saa pamoja na kupumzika. Ondokeni saa 12 unusu asubuhi, na saa 4 unusu muwe kivulini. Shanta yake isizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake: mwenye kilo 20 abebe kilo 2, na katika hizo kilo 2 kiwemo kitu kimoja alichokichagua mwenyewe, hata kama ni gari la makopo. Viatu viwe vilivyokwisha valiwa. Kiatu kipya ni adui. Chukua chandarua, kwa kuwa pwani yetu ina malaria, na maji ya bwawa yachemshwe. Mtoto akiharisha, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi zitamsaidia huku mkimtafutia mganga wa zahanati.

Toka Kinango hadi Kwale ni kilomita zipatazo 30. Ukizigawa kwa hesabu yangu utapata siku nne au tano, nawe utaona umefanya hesabu vizuri. Lakini hukuwahesabu ndovu. Kati ya miji hiyo miwili iko hifadhi ya Mwaluganje, iliyoanzishwa katika miaka ya 1990 juu ya ardhi ya wenyeji ili ndovu wapate njia, na kando yake msitu wa Shimba. Hapo mtoto hatembezwi. Tembeeni siku ya kwanza mpaka kwa jamaa aliye upande wa Kinango, mlale. Asubuhi pandeni gari mpaka Kwale. Najua rafiki zako watacheka na kusema kwamba hiyo si safari ya miguu tena. Waache wacheke. Ndovu mwenye ndama haulizi kama ulikusudia kutimiza kilomita 30.

Siku ya tatu ingieni hifadhi ya Shimba, ambayo ndiyo mahali pekee katika Kenya wanapopatikana palahala, na mwombe askari wa wanyamapori awasindikize kwenye maporomoko ya Sheldrick. Ni mwendo wa kama kilomita 2 kushuka. Kushuka ni mchezo; kupanda ndiko kunakoliza watoto, basi akiba ya mihogo na maji isiliwe yote chini. Siku ya nne shukeni kuelekea Tiwi, kipande kwa miguu na kipande kwa gari, na ya tano mfike Kinondo.

Kila mlalapo kwa watu, usisahau jambo la maji. Fika na mtungi wako umejaa, na kabla ya kuondoka nenda kachote ule mlioutumia. Usimtume mtoto wa mwenyeji.

Kinondo upo msitu wa kaya wa Wadigo, ambao ni miongoni mwa misitu ya kaya iliyotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mgeni hufungwa kaniki kiunoni, akaingia na kiongozi wa hapo, na hachukui kitu, hata jani. Usiwahimize wadogo zako ndani ya msitu ule kwa kuwa bahari i karibu. Mmetembea siku tano. Bahari itangoja saa moja. Na nauli ya kurudi Kinango uwe umekwisha itenga mfukoni tangu siku ya kwanza, kwa maana mtoto aliyefika pwani kwa miguu yake hana deni la kurudi kwayo.